Ubingwa wa Taifa na Tope la Suma

Mwenye kutaka kujua kama mtu ni dereva au ni mshika usukani tu, na aje Suma katika mwezi wa Aprili. Wakati huo, katika upande huu wa wilaya ya Rungwe, mvua ya masika huungana na ukungu uteremkao mlimani, na barabara za udongo zipitazo baina ya mashamba ya chai na migomba hulainika hata zikawa utelezi mtupu. Na kila chombo kipitacho, iwe Fuso iliyosheheni ndizi, iwe Noah iliyopakia abiria zaidi ya viti vyake, au pikapu ya kukusanyia majani mabichi ya chai, sharti kiendeshwe kwa maarifa ambayo aghalabu hayapatikani katika shule za udereva za mjini. Dereva wa hapa hukanyaga mafuta kwa uchache na kwa saburi, huyaacha magurudumu yafuate mifereji iliyochimbwa na waliomtangulia, huteremka mlima kwa gia nzito bila ya kuitegemea breki, na hujua kwa kuutazama tu udongo ni wapi tope linaishia katika kiatu na ni wapi litalimeza gurudumu zima. Hakuna ampaye kikombe kwa ustadi huo. Ujira wake ni nauli, na sifa yake ni kufika.

Nimetanguliza habari hizo kwa kuwa nia yangu ni kuzungumza juu ya mchezo ambao kwa wajihi wake unaonekana kuwa mbali sana na watu wa Suma, nao ni mbio za magari, hususan zile za watu wa ridhaa, ambao hawaajiriwi na kiwanda chochote wala hawalipwi mshahara kwa kushindana, ila hutoa fedha zao na jasho lao kwa mapenzi tu, na mwisho wa mwaka mmoja wao hutawazwa kuwa bingwa wa taifa. Dai langu ni kwamba mchezo huo, katika Afrika ya Mashariki, ulizaliwa katika barabara kama hizi, kwa magari ya kawaida, mikononi mwa mafundi na wafanyabiashara waliokuwa wakiishi na barabara hizo mwaka mzima. Kwamba heshima yake ilikuwa kubwa kabisa ulipokuwa karibu nao. Na kwamba ubingwa wa taifa letu utapungukiwa na maana kadiri utakavyozidi kujitenga nao.

Mbio zilizopita katika njia za watu

Asili ya mambo haya inajulikana vema. Baada ya Vita Kuu ya Pili, wapenzi wa mbio katika Kenya walikuwa na uwanja wao huko Langa Langa, karibu na Gilgil, ambako magari yalishindana kwa kuzunguka mahali pamoja. Bwana mmoja, Eric Cecil, alipoalikwa na binamu yake Neil Vincent ashiriki, alijibu kwamba haoni ladha yoyote katika kwenda na kurudi palepale, lakini kama ingewezekana kuingia njiani, kuizunguka nchi, na atanguliaye kurudi akawa ndiye mshindi, basi yeye angekuwa tayari. Jawabu hilo lilizaa, mwaka 1953, mashindano yaliyoitwa Coronation Safari, yaliyofanywa kwa taadhima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, na magari yakaondoka katika miji mitatu, Nairobi, Kampala na Morogoro, yakapita katika Kenya, Uganda na Tanganyika kwa njia zilezile zilizopitwa na malori, baiskeli na mifugo.

Kanuni za mwaka ule zilikuwa na hekima ambayo leo imesahauliwa. Magari hayakugawanywa kwa ukubwa wa injini wala kwa wingi wa nguvu zake. Yaligawanywa kwa bei ya dukani, na kila gari lilitakiwa kuwa sawa na lile ambalo mnunuzi yeyote angeweza kulikuta likiuzwa. Hapakuwa na mshindi wa jumla, ila washindi wa madaraja. Kwa hiyo mtu wa kipato cha wastani, aliyenunua gari dogo kwa akiba yake, hakutupwa mbele ya tajiri ili aaibishwe, bali alipimana na mwenziwe wa kadiri yake. Na umma uliosimama kandokando ya barabara ulipata faida ya pili, maana uliona kwa macho yake ni gari gani linaloistahimili nchi na ni gani lililopambwa kwa rangi tu. Mwaka uliofuata, 1954, Vic Preston na D. P. Marwaha walishinda kwa Volkswagen, gari dogo la watu wa kawaida, na baada ya hapo sifa ya gari lile katika nchi zetu haikuhitaji kupigiwa debe.

Mashindano hayo yalikuja kuzoea kufanywa wakati wa Pasaka, yaani katikati ya masika, na waliochagua majira hayo walijua walilokuwa wakilifanya. Safari ya takriban kilomita 5,000, usiku na mchana, katika vumbi la nyika na tope la milimani, ilikuwa ni hukumu isiyo na upendeleo. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Na mwaka 1968, ingawa yaliyoondoka yalipita 90, yaliyomaliza yalikuwa 7 vilevile. Kwa muda wa miaka mingi timu za ng'ambo zilikuja na fedha, vipuri na madereva mashuhuri, zikarudi makwao mikono mitupu, kwani kila mshindi, tangu mwanzo hadi mwaka 1971, alikuwa mkaazi wa Afrika ya Mashariki. Na ni mwaka 1972 tu ndipo Hannu Mikkola wa Finland alipoivunja ada hiyo kwa Ford Escort.

Wenyeji hawakuwa na dawa ya siri. Walikuwa na ujuzi unaotokana na kuishi. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alijifunza ufundi katika gereji ya baba yake, kisha akawa askari wa barabarani wa chama cha wenye magari, kazi yake ikiwa ni kuwaauni waliokwama njiani. Na mtu aliyeyaokoa magari ya wenziwe kwa miaka hujua gari huvunjika wapi na kwa sababu gani. Mwaka 1965 yeye na nduguye Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya, bali ilikwisha kutumika katika mashindano na timu ya kiwanda na kuachwa, wakainunua, wakaitengeneza wenyewe, wakawatangulia wale waliokuja na magari yaliyotoka kiwandani moja kwa moja. Joginder alikuja kushinda tena mwaka 1974 na mwaka 1976.

Kwa upande wetu, miaka miwili mfululizo, 1966 na 1967, ushindi ulikuja Tanzania kwa mikono ya Bert Shankland, fundi mzaliwa wa Scotland aliyekuwa akiishi na kufanya kazi Dar es Salaam, pamoja na Chris Rothwell. Waliendesha Peugeot 404, na sharti msomaji alizingatie jina hilo, maana ni gari lilelile lililobeba abiria, wagonjwa, maharusi na magunia katika kila pembe ya bara letu. Aliyeipanda Peugeot 404 kwenda hospitali aliweza kusema, bila ya kutia chumvi, kwamba amepanda gari la bingwa.

Wamarekani na ngazi yao

Ili tusije tukadhani kwamba maswali haya ni ya kwetu peke yetu, na tutazame mfano wa Marekani, ambako mbio za ridhaa zimepangwa kwa utaratibu mkubwa kupita nchi nyingi. Mwaka 1944 wapenzi wa magari ya michezo waliunda huko chama kiitwacho Sports Car Club of America, ambacho kwa miaka yake ya awali kilishikilia uridhaa kwa ukali wa kidini, hata kutokubali wanachama wake washindanie fedha. Mnamo tarehe 2 Oktoba 1948, mwanafunzi wa sheria aliyeitwa Cameron Argetsinger aliwakusanya wenziwe katika kijiji cha Watkins Glen, jimbo la New York, wakashindana katika barabara za kijiji na za mashamba yaliyokizunguka, na wanakijiji wakajaa kutazama. Furaha ile haikudumu. Mwaka 1952 gari liliwaparamia watazamaji na mtoto mmoja akafa. Mbio zikaondolewa katika barabara za kijiji, na mwaka 1956 zikahamia katika uwanja uliojengwa makusudi.

Walakini msiba ule haukuuzima mchezo, ila uliufundisha adabu. Chama kiligawanya magari katika madaraja mengi, kuanzia gari dogo la zamani hadi lile lenye nguvu nyingi, ili kila mtu apate mahali pa kusimama. Kikaweka mashindano ya mikoa, na kutoka mikoa hiyo wakateuliwa wanaostahili kwenda katika fainali ya taifa, iliyofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1964 huko Riverside, California, na ambayo imeendelea kila mwaka, ikihama kutoka uwanja mmoja hadi mwingine. Katika fainali hizo daktari wa meno, seremala na mwalimu hukutana wakiwa sawasawa. Paul Newman, mwigizaji wa sinema aliyekuwa akijulikana dunia nzima, aliushinda ubingwa wa taifa mara nne, katika miaka ya 1976, 1979, 1985 na 1986, na mara ya kwanza alikuwa na umri wa miaka 51. Lakini umaarufu wake haukumpunguzia hata sekunde moja, na ilimpasa apande ngazi ileile waliyoipanda wengine.

Funzo la Wamarekani ni la sehemu mbili. La kwanza ni kwamba usalama wa watu ni sharti la mchezo, wala si pambo lake. La pili ni kwamba ubingwa wa taifa huwa na maana pale tu panapokuwa na vidato vya chini ambavyo mtu asiye na jina aweza kuvikanyaga.

Viwanda vilipoingia

Kwetu mambo yalikwenda njia nyingine. Mwaka 1973 mbio za Safari ziliingizwa katika Ubingwa wa Dunia, nayo ilikuwa heshima kubwa. Lakini heshima ilikuja na gharama zake. Viwanda vilileta magari yasiyouzwa dukani, mafundi kwa makumi, na helikopta za kutangulia angani kumwonya dereva juu ya ng'ombe au lori lililo mbele yake. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliushinda mtihani huo mara tano, kuanzia mwaka 1973, naye Ian Duncan wa Kenya akashinda mwaka 1994, mwaka ambao Patrick Njiru, Mkenya pia, alishika nafasi ya nne. Lakini hao wawili wa mwisho walikuwa dalili ya yale ambayo yangewezekana kuliko kuwa kanuni ya mambo yalivyokuwa. Mtu wa gereji, mwenye gari moja na ndugu mmoja, alizidi kurudi nyuma hata akawa mtazamaji.

Siasa nazo zilifanya kazi yake. Katikati ya miaka ya 1970 mbio zikajifunga ndani ya mipaka ya Kenya, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule ikavunjika. Mchezo ambao ulikuwa mali ya nchi tatu ukawa wa nchi moja. Safari yenyewe ikaondoka katika Ubingwa wa Dunia baada ya mwaka 2002, ikarejea mwaka 2021 na kupiga kambi Naivasha, ikiwa fupi zaidi na katika njia zilizofungwa. Simlaumu aliyezifunga njia hizo, kwa maana magari ya leo yana mwendo ambao barabara ya watu haiwezi kuubeba bila ya kumwaga damu. Nasema tu kwamba mbio za namna hiyo zimekuwa maonyesho mazuri ya mastadi kutoka mbali, na kwamba kazi ya kumlea dereva wa nyumbani imebaki mikononi mwa ubingwa wa kila taifa.

Ubingwa wetu wa leo

Tanzania inao ubingwa huo, chini ya Chama cha Magari Tanzania, kifahamikacho kwa herufi AAT, ambacho ni mwanachama wa shirikisho la dunia la mchezo huu. Vilabu vya Tanga, Arusha, Moshi, Morogoro, Iringa na Dar es Salaam vimekuwa nguzo zake kwa miaka mingi. Iringa imeupa mchezo Mkwawa Rally, mbio zilizopewa jina la mtemi wa Wahehe. Na nchi yetu imekwisha kuwa mwenyeji wa raundi za Ubingwa wa Afrika. Madereva wake na wasoma ramani wao ni watu wa ridhaa kwa kila hali: wana maduka, mashamba na viwanda vidogo, na fedha ya tairi hutoka katika mifuko ileile itoayo karo ya watoto.

Hata hivyo mlango wa kuingilia ni mwembamba. Subaru Impreza au Mitsubishi Lancer Evolution iliyokwisha kutayarishwa, kizimba cha chuma cha kumlinda dereva gari likipinduka, helmeti, mavazi yasiyoshika moto, leseni, mafuta, vipuri na gari la mafundi la kufuata nyuma, hayo yote yakijumlishwa huwa ni mtaji wa kufungulia biashara nzima. Matokeo yake ni kwamba majina ya washindani hurithiwa katika familia chache, baba akimwachia mwana, na ilhali hakuna ubaya wowote katika mwana kuupenda mchezo wa baba yake, taifa la mamilioni ya watu haliwezi kuridhika kwamba limewapata madereva wake bora ndani ya nyumba chache. Majirani wametuonyesha kwamba mlango unaweza kupanuliwa: Mganda Charles Muhangi alitwaa Ubingwa wa Afrika mwaka 1999, na Mkenya Maxine Wahome, bibiye kijana, alishinda daraja la WRC3 la Ubingwa wa Dunia katika Safari ya mwaka 2022.

Hoja ya Suma

Hapo ndipo narudi nyumbani. Wilaya ya Rungwe ina mambo matatu ambayo mchezo huu unayahitaji. Ina barabara za milima na kona, kandokando ya mlima wenye kimo cha karibu mita 3,000, ambako hewa hubadilika ndani ya saa moja kutoka jua hadi ukungu. Ina vijana wa gereji wa Tukuyu na Kiwira, ambao huufufua mkweche kwa vipuri vya magari matatu tofauti, na ambao shokapu wanazozibadilisha kwa mwaka mmoja ni nyingi kuliko anazoziona fundi wa lami katika miaka mingi. Na ina watu wanaopenda kutazama, maana hapa gari likikwama kijiji kizima hutoka, wengine kusukuma na wengine kutoa ushauri, na wa ushauri ndio walio wengi.

Lakini yapo mapingamizi, na insafu yataka yasemwe waziwazi. La kwanza ni uhai wa watu. Barabara za Suma ndizo njia za watoto kwenda shule, za kina mama kwenda sokoni, na za bodaboda zisizo na idadi. Mtu atakayeleta mbio hapa bila ya kufunga njia, bila ya walinzi katika kila kichochoro na bila ya gari la wagonjwa, asiitwe mwanamichezo. La pili ni chai. Jani bichi likisha kuchumwa halingoji, sharti lifike kiwandani Katumba au Mwakaleli siku ileile, la sivyo hupata joto na kuharibika, na mkulima akapoteza malipo yake. Nayo masika, msimu uliomfurahisha mtunga mbio wa zamani, ndiyo majira ambayo chai huchipua kwa wingi kuliko yote. Kufunga barabara wakati huo kwa ajili ya burudani itakuwa ni dhuluma. La tatu ni Jumapili, siku ambayo katika nchi hii ya Wamoravian na Walutheri haitolewi kwa mngurumo wa injini.

Mapingamizi hayo hayaufuti mpango, ila yanauelekeza. Na uanze mdogo, siku ya Jumamosi, katika miezi ya baridi baada ya masika, wakati mvua imepungua ilhali utelezi bado haujaisha, katika kiwanja cha wazi kilichozungushiwa kamba, gari mojamoja likishindana na saa badala ya magari kusukumana. Na irudishwe ile kanuni ya mwaka 1953, magari yagawanywe kwa bei, ili mwenye Toyota ya miaka ishirini apimwe na mwenye Toyota ya miaka ishirini. Na alama zitolewe pia kwa fundi, kwa kuwa gari lililofika salama ni kazi ya watu wawili au watatu. Watakaofaulu hapa wakutane na waliofaulu Njombe, Songea na Sumbawanga, na mshindi wao apewe nafasi, pamoja na msaada wa gari na mavazi ya usalama, katika raundi moja ya ubingwa wa taifa. Gharama ya ngazi hiyo ni ndogo kuliko bei ya gari moja la kisasa la mbio, na faida yake haitaishia katika vikombe, kwa sababu dereva aliyefundishwa kulimiliki gari katika utelezi mbele ya waamuzi ndiye huyohuyo atakayepakia abiria Jumatatu.

Yamkini atatokea msomaji wa kuuliza kama wilaya yenye haja ya madawati na madaraja yafaa ishughulike na mbio za magari. Swali ni la haki, na jibu lake ni kwamba hakuna ombi hapa la fedha ya dawati lolote. Linaloombwa ni vilabu vilivyopo na wenye uwezo waliokwisha kuupenda mchezo huu wautazame upya mpaka wa nchi yao. Ubingwa wa taifa ni ahadi kwamba aliyetawazwa amewashinda waliokuwa na haki ya kushindana naye. Maadamu dereva wa Fuso wa Suma hana njia yoyote ya kufika mahali pa kushindwa, ahadi hiyo bado haijatimizwa, na kikombe, kwa uzuri wake wote, kitabaki kuwa cha wachache waliokubaliana kukishindania.